Jani la Maziwa

Machi 3
Mwalimu wetu wa darasa la kina mama anataka kila mmoja aandike kitu kila siku, hata mstari mmoja, vinginevyo mkono utasahau. Nikamwambia mkono wangu haujasahau kusugua masufuria, utasahauje kalamu. Wenzangu wakacheka, yeye hakucheka. Haya, naandika.

Binti yangu amefika leo na tumbo lake, na mumewe, na mabegi, na cherehani ya viatu iliyofungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Mumewe ni fundi viatu. Watakaa hapa mpaka ajifungue. Chumba cha mbele nimewapa wao, mimi nalala na Bibi. Bibi ni mama wa marehemu mume wangu. Watoto wanamwita Bibi na mimi nimezoea kumwita hivyo hivyo.

Mvua bado.

Machi 5
Bado. Tumbo la binti yangu naliona limeshuka mapema. Bibi anasema halijashuka, ni mimi nimezidi kulitazama.

Machi 8
Joto. Vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi.

Kwa sisi mvua si mvua tu, ndiyo kazi yenyewe. Yapo majani ambayo huota mvua ikishika ardhi na hufa jua likirudi, na Bibi ameyachuma tangu ujana wake. Mimi alinifundisha nilipoolewa. Tunachuma, tunaanika kivulini, tunauza kwenye meza yetu pale barazani. Lipo la kikohozi, lipo la tumbo, lipo la macho. La mwisho kuota ni la maziwa, la mwanamke aliyejifungua na kifua kikawa kikavu.

Katika nyumba hii jani haliitwi kwa sura yake, linaitwa kwa kazi yake. Na kwa mtu wa nje hatusemi likoje wala linaota wapi. Bibi alinikataza siku ya kwanza kabisa. Ukisema likoje, kesho wamelimaliza.

Fundi amekaa barazani na kiatu cha watu mapajani, anatusikiliza. Akauliza, "Bibi, kuna la kikohozi, kuna la tumbo. La mama mkwe mkali lipo?"

Bibi akamjibu bila kugeuka, "Lipo, baba. Lakini hilo hatuchumi jani, tunang'oa na mzizi."

Walicheka wote, na binti yangu akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi niliona tu kwamba ameshika kiuno.

Machi 12
Zahanati. Nesi amempima, akasema mtoto amekaa vizuri. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, najua kazi yenu. Lakini huyu asinywe jani lolote, sasa wala akishajifungua, mpaka mimi nilione na nilijue."

Nikasema nimesikia.

Nyumbani nikamweleza Bibi. Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye sana akasema, "Huyo nesi mama yake nilimpa la maziwa mimi." Basi. Mmoja kanishika mkono huu, mwingine ule, na mwenye tumbo amelala usingizi wake.

Machi 14
Imenyesha. Mungu ashukuriwe.

Machi 15
Imenyesha tena. Kijito kimeanza kusema.

Machi 19
Tumechuma la kikohozi pembeni mwa reli. Bibi anatembea polepole mwaka huu, na amenikamata bega kwenye mteremko. Zamani yeye ndiye aliyenivuta mimi.

Machi 22
Huyu Fundi simwelewi. Siku nzima ni gonga gonga na mdomo haufungi. Anamsimulia mke wake habari za kila mwenye kiatu. Huyu anakanyagia kisigino, huyu ni mwongo kwa sababu soli imelika upande mmoja. Mke yuko ukingoni kujifungua na yeye anasoma soli. Nikamwambia, "Baba, umeshatafuta pikipiki ya kumpeleka siku ikifika?" Akasema, "Jirani nimeshamwambia, Mama. Nimemshonea viatu vya shule vya wanawe wote, hawezi kukataa." Akaendelea kugonga. Mimi mtu asiye na wasiwasi hunitia wasiwasi.

Machi 23
Kufua. Hazikukauka.

Machi 27
Amejifungua. Zahanati, mchana, mvua ikipiga bati mpaka nesi akawa anapaza sauti. Mtoto wa kiume. Mzima. Binti yangu mzima. Nimeandika mzima mara mbili, acha yakae.

Bibi alipopewa akamnusa kichwani, akasema, "Mume wangu, umekuja kunioa meno yameshakwisha."

Machi 29
Tuko nyumbani. Maziwa hayajashuka.

Machi 30
Bado. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena. Nesi alisema siku za mwanzo huwa ni matone machache na yanatosha, asiachishwe, awekwe kifuani kila mara. Tunamweka. Binti yangu ananiuliza, "Mama, wewe yalikujaje?" Nikasema yalikuja yenyewe. Afadhali ningedanganya, maana aligeukia ukutani.

Machi 31
Bado.

Aprili 1
Bado. Mtoto amelala sana leo. Watu wanasema mtoto anayelala ni mtulivu. Mimi nimemwamsha kila alipotulia, mpaka binti yangu akanifukuza chumbani.

Tumempeleka kwa nesi, amempima. Amepungua. Nesi hakukunja uso, akasema arudishwe keshokutwa asubuhi, asipoongezeka atamwanzishia maziwa mengine kwa kikombe. "Na mama yake anywe maji, ale, alale. Na asitishwe." Hapo kwenye asitishwe alinitazama mimi.

Bibi anasema siku hizi zote tumezipoteza bure. La maziwa lingekuwepo, mtoto angekuwa anacheua sasa hivi. Lakini mvua ilichelewa, na lenyewe halijatoka. Tumetazama kule tunakolijua, ardhi tupu. Nami nimejisemea, tukilipata nitalipeleka kwa nesi alione kwanza. Bibi sijamwambia.

Aprili 2
Bado, yote mawili. Wala maziwa wala jani.

Jioni Fundi alinifuata jikoni. Hana utani leo, macho yamemwingia ndani. "Mama, hilo jani mnalotafuta ni lipi? Niambieni likoje, na mimi nina miguu."

Nikamwambia, "Ni jani la maziwa."

"Likoje?"

"Ni la maziwa, baba. Hayo mengine si yako."

Akasimama kidogo, akasema sawa.

Aprili 4
Jana sikuandika. Naandika leo nikiwa kwenye benchi la zahanati, daftari nimeletewa na Fundi pamoja na kanga safi. Sikumwomba. Labda aliniona mikono haina kazi.

Jana ilikuwa ndiyo siku ya kumrudisha mtoto kwa nesi. Nikasema kabla ya hapo tujaribu mara ya mwisho, mimi na Bibi, ng'ambo ya kilima ambako udongo hushika maji. Tukaondoka alfajiri. Bibi alipiga magoti kwenye tope akaanza kupapasa chini kwa viganja, kama mtu aliyeangusha sindano. "Lilikuwa hapa," akasema. "Mwaka jana lilikuwa hapa." Nikamtazama usoni nikaona mkono uko huku na macho yako kwingine. Kumbe karibu haoni kitu. Amekuwa akichuma kwa kugusa na kwa kunusa, na mimi ninayelala naye chumba kimoja sikujua. Nikamwinua, tukarudi mikono mitupu.

Mlangoni nikasikia harufu ya majani mabichi yanayochemka.

Fundi alikuwa jikoni amesimama kifua mbele. "Mama, msihangaike tena. Nimelipata."

"Umepata nini?"

"La maziwa. Limejaa nyuma ya tanuri la matofali. Sijui nyie mnapita njia gani."

Nikachungulia sufuria. Jani likishachemka ni jani tu, halina sura. "Amekunywa?"

"Kikombe kizima. Chungu kweli, lakini si unamjua mwanao akiambiwa ni kwa ajili ya mtoto."

Ndipo tukamsikia chumbani anatapika.

Nikamuuliza Fundi, "Likoje hilo jani?" Na nilipouliza nikasikia kwamba ndilo swali alilonipa yeye jioni iliyotangulia, neno kwa neno.

Akachomoa moja kwenye mfuko wa shati, alikuwa amelihifadhi anionyeshe. Akalivunja kikonyo mbele yangu. "Si hili? Ukivunja tu, maziwa hayo." Likatoa utomvu mweupe mzito, ukamtiririka kidoleni.

Lilikuwa jani la chunjua.

Mimi hilo jani nalijua kama nijuavyo mlango wangu. Unalivunja, unaweka tone moja juu ya chunjua iliyoota kidoleni, chunjua inaungua inadondoka. Ukishalishika hujisugui jicho. Miaka yote hiyo nimeona ule utomvu, na mweupe ni mweupe kweli, lakini haijawahi hata siku moja kunijia kuuita maziwa. Kwetu lilikuwa la chunjua na basi. La maziwa ni jingine kabisa, kavu, ukilivunja halitoi kitu.

Binti yangu alikuwa amekaa kitandani ameshika shingo. Midomo imeanza kuvimba. Akasema, "Mama, kinywa kinawaka." Mtoto alikuwa pembeni yake. Nikauliza kama amemnyonyesha baada ya kunywa. Akatikisa kichwa, hakujua, hakukumbuka.

Fundi hakuuliza swali lolote. Alishatoka, na mara pikipiki ya jirani ikawa mlangoni. Akampakia mkewe katikati, yeye nyuma amemkumbatia, mvua inawapiga. Aliweka lile jani tena mfukoni, hilo sikumwagiza mimi. Mimi nikamchukua mtoto kwa miguu, nimemfunga kifuani chini ya kanga mbili. Bibi alibaki mlangoni anauliza, "Kuna nini? Ni nini?" na mimi sikugeuka.

Kijito kilikuwa kimepanda hadi kwenye mbao za daraja. Nilivuka nikitazama mbele tu. Mtoto hakulia hata kidogo njia nzima, na afadhali angelia. Kila hatua chache nilimpulizia usoni akunje uso nijue yupo. Alikunja. Napuliza, anakunja. Tumefika hivyo.

Nesi alikuwa ameshamlaza na kumwekea dripu. Akanigeukia. "Mmemchemshia nini?"

"Alidhani ni jani la maziwa."

"Na kumbe ni lipi?"

"La chunjua."

"Mama, hizo ni kazi. Sikuulizi kazi ya jani. Jani lenyewe liko wapi?"

Fundi akaingiza mkono mfukoni akampa. Nesi akaligeuza, akanusa kikonyo, akasema, "Ahaa. Hili nalijua." Akasema utomvu wake unaunguza kinywa na tumbo, lakini limechemshwa na maji mengi na ametapika mapema, kwa hiyo tungoje. Mtoto asinyonye mpaka atakaporuhusu yeye. Matiti yakamuliwe, kinachotoka kimwagwe. Mtoto akapewa maziwa ya kopo kwa kikombe kidogo, nikamshika mimi. Alimeza. Nilihesabu kila funda kwa moyo, si kwa namba.

Nje kwenye benchi Fundi akaniambia, sauti ya chini, "Mama, mimi kazini gundi nyeupe tunaiita ya maziwa. Ile ya njano tunaiita ya asali. Uliposema la maziwa nikajua ni hivyo hivyo."

Nikamngoja aseme mengine. Aseme alinipa nafasi ya kumweleza nikamfungia mlango. Hakusema. Akaniuliza kama nimekula.

Aprili 5
Midomo imepungua, ulimi una vidonda. Mtoto anameza kopo vizuri. Nesi anamfundisha binti yangu kukamua, asubuhi, mchana, jioni, na kumwaga. Namwona anakamua matone yake machache anamwaga kwenye karai huku machozi yanatoka. Nimetoka nje.

Aprili 6
Leo matone hayakuwa matone. Nesi mwenyewe alikuja kutazama kwenye karai, akacheka. Kule kukamua na kumwaga, kukamua na kumwaga, ndiko kulikoyaita. Ameruhusu mtoto anyonye. Binti yangu alinyonyesha ameuma shuka kwa uchungu wa kinywa, lakini mtoto alimeza na tulimsikia wote. Fundi alikwenda kusimama dirishani, mgongo kwetu, muda mrefu.

Aprili 7
Tumerudi nyumbani. Nilimpikia binti yangu uji mwepesi, nikaupooza kwa ajili ya vidonda. Akachukua bakuli, akalitazama ndani. Akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama tena. Akanusa. Akaliweka chini. "Nitakula baadaye, Mama."

Baadaye alikula aliopika mumewe, una mabonge kama kokoto.

Aprili 8
Mvua kutwa.

Chai pia ameitazama ndani. Akasema imepoa.

Aprili 9
Nimemweleza Bibi yote, na kwamba najua habari ya macho yake. Hakukana. Alisokota pindo la kanga. Mwishowe akasema, "Nilificha ili yasiishe. Majani mangapi nimeona yakiisha kwa sababu mtu alisema likoje." Nikamwambia najua. Akasema, "Basi mwonyeshe huyo bwana. Yote. Macho yangu yameshaondoka, yako yataondoka na wewe." Kisha akaongeza, "Na kwa nesi peleka, ayaone."

Nimemshangaa. Sasa hivi nimekumbuka kwamba hata mimi Bibi hakuwahi kunieleza likoje. Alinishika mkono akauweka juu ya jani.

Aprili 10
Uji, ametazama, amekataa. Maji ameyachota mwenyewe, na mtoto begani.

Aprili 11
Nimetoka na Fundi. Mvua ya rasharasha. Nilimwonyesha la kikohozi, akaliinua, akasema, "Hili lina ukingo kama soli iliyopigwa pasi." La tumbo akasema ni ulimi wa kiatu. Nilianza kukasirika, halafu nikaona hakosei. Kila alilolipa jina lake, alipoliona tena mbele alilitambua kabla yangu. Tulipofika kwenye tanuri la matofali akaona lile la chunjua limejaa pale. Akasimama. Hakulitania hilo.

Nikamwambia, "Baba, siku ile nilikujibu vibaya."

Akasema, "Ulikuwa na hofu, Mama."

"Na wewe je?"

"Mimi nikiwa na hofu naongea," akasema. "Hujaona tangu nimekuja sijanyamaza?"

Kumbe. Na mimi nimekaa mwezi mzima nikimwona hana wasiwasi.

Aprili 12
Mtoto amepimwa. Ameongezeka. Nesi ameweka majani yangu mezani, moja moja, ananiuliza sura na mahali. Mengine anayajua, mengine hayajui, mawili amesema niache kabisa kuwauzia wajawazito. Nimekubali.

Aprili 13
Nimempelekea chai. Ametazama ndani.

Nilitaka kumwambia, mwanangu, si mimi niliyechemsha. Lakini si ukweli wote, na yeye anajua. Mumewe alimpa kikombe chenyewe na kwake anakula bila kutazama. Kinyongo ameniwekea mimi. Jioni ile alinisikia pale jikoni, ukuta wetu ni mwembamba. Alisikia mumewe ananiuliza na alisikia nilivyojibu.

Aprili 14
Bibi kaniambia, "Usimwandame na vikombe. Mwache." Nimemwacha. Ni kazi ngumu kuliko kupika.

Aprili 15
La maziwa limetoka. Tumeliona mimi na Fundi, dogo, limejificha kwenye nyasi. Nilimshika mkono nikauweka juu yake. Hatukuchuma, hakuna wa kumpa.

Aprili 16
Mvua. Fundi amepeleka viatu vya watu.

Aprili 18
Fundi ametoka, Bibi amelala. Nilikuwa nachambua mboga jikoni. Binti yangu alikuwa ananyonyesha chumbani, na huyu bwana mdogo siku hizi akinyonya hupiga kelele kama anayevuta kiatu kwenye tope. Nikasikia, "Mama."

Nikaenda mlangoni, sikuingia.

"Kiu imenibana," akasema. "Nisogezee maji."

Nikasema, "Nikuletee mtungi ujichotee?"

"Nitajichoteaje, Mama, mikono yote anayo yeye."

Nikaenda kuchota. Nilichagua bilauri ya kioo ili aone ndani, halafu nikaona aibu kuichagua, lakini nilishaijaza. Nikamshikia. Akainama akanywa mkononi mwangu, moja kwa moja, macho yake yote yako kwa mtoto. Alikunywa mpaka chini. Hakutazama.

Nilisimama na bilauri tupu. Nikauliza, "Nikuongeze?"

"Niongeze," akasema.